Mbao za ndani ya mashua kuukuu: isome dalili kabla hujashika randa

Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na bado kazi za mashua zinafika. Chombo chenyewe kinabaki Tanga au Pangani. Kinachopanda lori kupitia Segera, Same na Boma Ng'ombe ni milango, droo, meza ya kukunja, vipande vya sakafu, na mara mojamoja ukuta mzima uliokatwa. Mwenye chombo anaishi huku, fundi wake wa fanicha yuko huku, basi mzigo unaletwa. Malalamiko yanayokuja nao ni yaleyale kila mara, ndiyo maana nimeyapanga hapa kwa dalili, nikianza na sababu inayotokea zaidi.

Ninazozungumzia ni mashua za matanga za faibaglasi zilizotengenezwa Ulaya miaka ya 1960 hadi 1980. Ganda la nje ni faibaglasi, ndani ni plaiwudi iliyovikwa vinia (ngozi nyembamba ya mbao) ya msaji au mahogani, na kingo ni za mbao nzima. Zinapendeza kiasi kwamba mtu anaziona kama kabati la sebuleni, na hapo ndipo anapoharibu. Viambaza vinavyokata chombo kwa upana, makabati ya pembeni, hata vibao vilivyobeba vitanda, mara nyingi vimegandishwa kwenye ganda kwa mikanda ya faibaglasi, na ndivyo vinavyolizuia ganda lisijikunje baharini. Ukikata kabati ili friji ipate nafasi, umepunguza nguvu ya chombo.

Jambo la pili, na hili ndilo ninalolirudia kwa kila mteja: mbao haijiozeshi. Kuna maji yaliyoingia, au unyevu uliobadilika. Mpaka ujue yameingilia wapi, randa na brashi zibaki kwenye sanduku.

Vifaa vya uchunguzi ni vichache: tochi, bisibisi butu, nyundo ndogo ya plastiki, chaki, na kipima unyevu cha sindano mbili kama unaweza kukipata. Mbao iliyokaa karakana ya Arusha wakati wa kiangazi husoma karibu asilimia 10 hadi 12. Pwani, 14 hadi 16 ni kawaida. Ikizidi 20, ukungu unaoozesha una pa kuishi. Lakini jihadhari na kitu kimoja: mbao iliyolowa maji ya bahari ina chumvi ndani, na chumvi hukidanganya kipimo kisome juu kuliko hali halisi. Chumvi hiyohiyo hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo ubao ulioanikwa vizuri juani bado utashikika kama una ubaridi asubuhi. Uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara mbili au tatu, uukaushe kivulini, ndipo upime.

Droo na milango: inabana, au inacheza

Hili ndilo lalamiko kubwa, na mazungumzo yake nayajua kwa moyo.

"Fundi, droo imegoma tena."
"Imegomea wapi bosi, huku au pwani?"
"Pwani. Huku ilikuwa inateleza kama sabuni."

Sababu ya kwanza ni tofauti ya hewa. Mbao husinyaa na kuvimba kwa upana wake, si kwa urefu. Msaji hubadilika karibu asilimia 0.2 ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu. Chukua paneli ya mbao nzima yenye upana wa milimita 400. Ikishuka kutoka unyevu wa 15 wa Tanga hadi 11 wa Arusha mwezi wa Februari, imepoteza milimita 3 hivi. Fundi akiiona inacheza, anaongeza kipande ikae vizuri. Ikirudi pwani inadai milimita zake tatu, na mlango haufunguki. Au kinyume chake: imeletwa masika, imevimba, fundi anairanda, na ikikauka inaacha mwanya wa kupitisha kidole.

Kwa hiyo usipime paneli peke yake. Mwambie aliyeko kwenye chombo achukue kiolezo cha tundu la mlango au la droo kwa plaiwudi nyembamba au hadibodi, aandike juu yake tarehe na upande wa juu. Plaiwudi haibadiliki sana kwa upana kwa sababu tabaka zake zimepishana, hivyo kiolezo kitafika Arusha kikiwa na ukubwa uleule kilioondoka nao. Fanya kazi kwa kiolezo, acha nafasi ya kuvimba, na umwambie mteja mapema kwamba mlango utaonekana umelegea ukiwa karakana. Wengine hawaridhiki. Afadhali aondoke amenuna kuliko alipie nauli ya lori mara ya pili.

Ukikuta ufa katikati ya paneli iliyofungwa kwenye fremu, usiujaze puti wakati wa kiangazi. Paneli ikivimba itakuta ufa umeshazibwa, itasukuma fremu, na maungio ya ulimi na tundu yatafunguka. Kwanza tazama kama kuna mtu aliyemwaga gundi kwenye mfereji wa fremu. Paneli inatakiwa ikae huru humo ndani. Ikiwa imegandishwa, kata gundi hiyo taratibu kwa wembe wa msumeno mwembamba, isafishe paneli, irudishe bila gundi.

Sababu ya pili ni chumvi na uchafu kwenye reli za droo. Futa kwa maji baridi, kausha, sugua nta ya mshumaa. Usipake mafuta ya kupikia wala grisi, vinakusanya vumbi na kunuka.

Ya tatu ni skrubu za bawaba zilizolegea, na nitazitaja mwishoni.

Kuna pia kasoro ambayo si kasoro. Droo nyingi za mashua zina kijinafasi kilichokatwa chini, karibu na uso wa mbele, kinachokaa juu ya ubao wa fremu. Ili ifunguke, lazima uinyanyue kidogo kisha uivute. Kimewekwa makusudi ili chombo kikilala kwa upepo vijiko visimwagike sakafuni. Mafundi wa fanicha za nyumbani hudhani droo imekatwa vibaya na kuinyoosha. Kiacheni.

Mlango unabana pale tu waya za mlingoti zinapokazwa

Huu si ugonjwa wa mlango. Katika mashua nyingi za aina hii mlingoti unasimama juu ya sitaha, na chini yake kuna nguzo au kiambaza kinachopokea mzigo. Waya zikikazwa, mlingoti unasukuma chini. Kama boriti ya sitaha au kitako cha nguzo kimeoza, sitaha inashuka na fremu ya mlango inapinda.

Kipimo ni rahisi. Weka alama ya penseli mlango unapogusa fremu. Mwenye ujuzi wa waya azilegeze kidogo, chombo kikiwa kimefungwa gatini. Mlango ukiachia, umepata jibu. Acha hapo hapo. Usirande mlango ili ufunge, maana utakuwa umeficha dalili tu. Chombo kisitoke na matanga mpaka fundi wa mashua aangalie kitako cha mlingoti na kilichoko chini yake.

Madoa meusi kwenye vinia

Umbo la doa ndilo linalokueleza chanzo.

Doa linaloanza juu na kushuka, mara nyingi kwenye kona ya chini ya dirisha, ni maji yanayovuja. Linatokea kuliko mengine yote. Dirisha lenyewe huenda halina kosa: maji hupenya kwenye bolti ya kifaa fulani juu ya sitaha, yakatembea juu ya dari ya ndani, yakatokeza mahali pengine kabisa. Chora mstari wa chaki chini ya kila mahali unapopashuku, pakiwa pakavu. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji ya mpira yasiyo na kasi, akianzia chini na kupanda juu polepole, sehemu moja kwa dakika chache. Chaki itakapolowa kwanza, hapo ndipo. Ukianzia juu, kila kitu kitalowa kwa pamoja na hutajua lolote.

Tiba ya kuvuja ni kung'oa kifaa, kusafisha, na kuangalia mbao iliyomo katikati ya sitaha kama bado kavu. Tanua tundu, lijaze epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili), litoboe upya, kisha ufunge kwa silanti ya vyombo vya majini. Silikoni ya bafuni isikanyage humu. Inaingia kwenye nyuzi za mbao, na vanishi haitashika hapo tena hata upige msasa vipi.

Doa la mviringo linalozunguka skrubu au msumari ni kemia. Msaji, mvule na mahogani vina tanini. Chuma kikikutana nayo penye unyevu, rangi nyeusi ya wino inatokea. Skrubu za kawaida za dukani zilizopakwa rangi ya dhahabu ni chuma hichohicho. Weka za shaba au stenlesi. Kwa sababu hiyohiyo usisugue mbao ya mashua kwa sufi ya chuma ya kusugulia masufuria. Vichembe vyake vinabaki kwenye nyuzi, na baada ya wiki chache pwani ubao mzima unakuwa na vidoti.

Kulitoa doa hilo, tumia asidi ya oksali, kama gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya vuguvugu, kwenye ndoo ya plastiki. Ondoa vanishi yote kwanza, paka ubao mzima na si doa pekee, la sivyo utabaki na duara jeupe. Iache ifanye kazi, ikibidi rudia, kisha suuza kwa maji mengi zaidi ya mara moja. Ni sumu: glavu, miwani, na watoto mbali. Usipige msasa ubao ambao haujasuuzwa, kwa kuwa unga wake mweupe unakaba kifua. Jiki haifai kwa kazi hii, inapausha mbao na kuliacha doa la chuma palepale.

Vidoti vingi vidogo vilivyosambaa bila mpango, hasa ndani ya makabati, ni ukungu wa juujuu. Hufutika. Tazama sehemu ya harufu.

Doa la kahawia lenye dalili ya kuungua, karibu na taa au swichi, liache. Nyuma ya mbao hizo kuna nyaya za volti 12 zilizoliwa na chumvi. Tenganisha betri, mwite fundi umeme. Volti ni ndogo, lakini betri ya mashua ina uwezo wa kuwasha moto.

Vinia inabanduka, plaiwudi inafunguka tabaka

Gonga kwa nyundo ya plastiki kuanzia chini kwenda juu. Palipo pazima panalia mlio mkavu, mfupi. Palipoachana panatoa sauti ya uwazi. Zungushia chaki.

Mara nyingi maji yameingilia ukingo wa chini, pale plaiwudi inapokutana na sakafu. Huko hakuna aliyepaka kitu tangu chombo kilipotoka kiwandani, na nyuzi zilizokatwa hunywa maji kwa kasi. Sababu ya pili ni fundi aliyepita kuweka plaiwudi ya kawaida. Ya tatu, gundi ya vinia imezeeka tu.

Uvimbe mdogo una tiba nyepesi. Upasue kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza epoksi kwa bomba la sindano la duka la dawa, funika kwa nailoni, weka ubao na uzito juu mpaka kesho. Kama mbao ni msaji, futa ndani kwa asetoni kwanza na gundi ifuate mara tu asetoni inapokauka. Mafuta ya msaji yanarudi juu, na gundi haishiki kwenye mafuta.

Tabaka zikiwa zimefunguka chini kwa upana wa kiganja na zaidi, kata mpaka ufike kwenye mbao kavu, ngumu, yenye rangi yake. Kipande kipya kiungwe kwa mteremko wa nane kwa moja: plaiwudi ya milimita 12 inataka mteremko wa karibu milimita 96. Kiungo cha uso kwa uso kitafunguka chombo kikianza kuyumba. Puti ya magari usiiweke kabisa. Haishiki mbao yenye unyevu, nayo yenyewe hunywa maji.

Kununua plaiwudi Arusha kunahitaji macho. Mhuri wa BS 1088 ni kiwango halali cha plaiwudi ya baharini, ila mhuri ni wino tu. Tazama ukingo: matundu katikati ya tabaka, au uso mwembamba kuliko karatasi ya daftari juu ya moyo mnene wa mbao laini, vinatosha kukwambia uiache. Omba kipande, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, kikaushe, kichemshe tena. Kikifunguka, umeokoa fedha ya karatasi nzima. MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) na blokubodi ni za nyumba za mtaani Njiro, kwenye kabati za jikoni, si baharini.

Na vinia ya zamani ni nyembamba, aghalabu haifiki milimita moja. Mashine ya kupiga msasa inaitoboa kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Mkono, kibao, na msasa wa 180 kwenda juu. Ukiona rangi ya chini inaanza kuchungulia umeshachelewa.

Kiambaza kinabonyea

Hapa nitasema kwa uwazi kuliko kwingine. Waya za pembeni zinazoshikilia mlingoti hufungwa kwenye mabamba ya chuma, na katika mashua nyingi mabamba hayo yamepigwa bolti moja kwa moja kwenye kiambaza. Pale bamba linapopita kwenye sitaha ndipo silanti inapokufa kwanza. Maji yanashuka na bolti, yanaingia katikati ya plaiwudi, na kwa miaka mingi vinia ya nje inabaki nzuri huku ndani pameoza.

Angalia michirizi meusi chini ya bolti. Toa skrubu za ubao wa urembo uliofunika hapo, kisha sukuma kwa bisibisi butu. Mbao nzima inaikataa. Ikizama milimita kadhaa kwa nguvu ya mkono tu, au ikitoka na unga wa kahawia, au mbao ikikatika vipande vya mraba, pameoza.

Acha. Usifungue bolti hata moja mlingoti ukiwa umesimama, unaweza kuangukia watu. Chombo kisisafiri. Usikubali mtu akuuzie epoksi nyepesi ya kumwagia kwenye mbao iliyooza: itakuwa ngumu ukiigonga, lakini nguvu ya kubeba mzigo hairudi. Kazi hii ni ya fundi wa mashua mwenyewe: mlingoti unashushwa, kiambaza kinatolewa kwa kukata mikanda ya faibaglasi, kipya kinawekwa na kugandishwa upya. Karakana ya Arusha inaweza kukata kiambaza kwa kiolezo, kukivika vinia na kuziba kingo. Kukigandisha ni kazi ya huko chombo kilipo. Chombo kinachobeba watalii kwa malipo, wakaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, nao wahusishwe kabla hakijarudi kazini.

Onyo la ziada kwa anayebomoa: mbao zilizozunguka injini kwenye mashua za umri huo huenda zimebandikwa shiti za kijivu au nyeupe za kuzuia joto, zenye asbesto. Usizivunje, usizipige msasa. Rangi nyeupe ya zamani ndani ya makabati inaweza kuwa na risasi, hivyo msasa uwe wa maji, na barakoa puani.

Vanishi: imekuwa nyeupe, inabambuka, au haikauki

Kwanza ujue kilichopakwa. Mahali palipojificha, futa kwa kitambaa chenye spiriti. Pakilainika na kunata, ni shelaki. Kama spiriti haikufanya kitu, jaribu thina ya laka. Ikiyeyuka, ni laka. Ikikataa vyote viwili, ni vanishi ya mafuta au ya sehemu mbili. Kupaka vanishi ngumu juu ya usichokijua ndiko kunakoleta mengi ya malalamiko haya.

Weupe wa ukungu juu ya uso mzima, muda mfupi baada ya kupaka, ni unyevu wa hewa. Juni na Julai Arusha kuna baridi na manyunyu. Anza saa nne asubuhi, maliza kabla ya saa nane mchana, ili uso ukauke kabla umande haujaanguka. Moshi, kwa kuwa iko chini zaidi na ina joto, unapata saa za ziada. Agosti na Septemba shida ni vumbi: mwaga maji sakafuni kabla ya kupaka.

Isipokauka na kubaki inanata, karibu kila mara ni mafuta ya msaji au mvule. Futa kwa asetoni, koti ya kwanza iwe nyepesi yenye thina nyingi, ipe muda. Ikibambuka kwa vipande vikubwa, ilipakwa juu ya nta, silikoni au uso usiopigwa msasa.

Ndani ya mashua hakuna jua kali, koti tatu au nne zinatosha. Zile nane za kung'aa waachie walioko sitahani. Kingo za chini na migongo ya paneli zipate koti sawa na uso, la sivyo upande mmoja unanyonya unyevu na ubao unapinda.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike kwenye kona. Vinajipasha joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke au vitie kwenye ndoo ya maji.

Harufu ya uvundo

Kabla ya yote: kama harufu ni ya gesi ya kupikia, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatua ngamani, chini ya sakafu. Funga mtungi, fungua milango yote, tokeni, mwite fundi wa gesi.

Uvundo wa kawaida chanzo chake ni makabati yasiyopitisha hewa. Toa kila kitu, nyanyua vipande vya sakafu, kausha ngama, futa mbao kwa siki na maji. Kama milango ni ya ubao mtupu, toboa matundu ya hewa juu na chini, au badilisha paneli kwa kimiani, yaani vijiti vilivyopishana vyenye nafasi za hewa. Kimiani kinapendeza kuliko matundu, na mafundi wetu wanakijua.

Sakafu inalia au inabonyea

Kulia ni kipande kusugua boriti. Sugua nta, au weka ukanda mwembamba wa ngozi. Kubonyea ni habari nyingine: nyanyua, piga bisibisi kwenye boriti, hasa zilizo karibu na ngama. Boriti iliyogandishwa kwenye ganda ikiwa laini, rudi kwenye maelezo ya kiambaza, onyo ni lilelile.

Unga au punje chini ya kabati

Unga laini wa poda na matundu madogo ya mviringo ni wadudu watoboao mbao, wanaopenda sehemu nyeupe ya nje ya gogo na plaiwudi za mbao nyepesi. Punje ngumu zenye pembe sita, zinazofanana ukubwa, ni mchwa wa mbao kavu. Njia za udongo ni mchwa wa ardhini, na huyo kwa kawaida si wa baharini: kaingilia karakanani kwako. Paneli za mteja zisilazwe chini wala kuegemezwa ukutani. Ziweke kwenye vigingi vya chuma.

Tenga kipande chenye wadudu siku hiyohiyo. Vipande vidogo vinaweza kukaa kwenye friza wiki mbili, vikiwa vimefungwa nailoni. Dawa ya kupaka iwe iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ambao makao yao yako hapahapa Arusha. Kufukiza chombo kizima kwa gesi si kazi ya mwenye chombo wala seremala. Kuna wenye leseni.

Skrubu inazunguka bila kukaza

Njiti ya kiberiti inashika mpaka wimbi la kwanza. Panua tundu, gongea kijiti cha mbao ngumu kilichopakwa epoksi, subiri kikauke, toboa upya.

Mbao ya kubadilishia, na safari ya kurudi

Msaji wa mashambani, kama wa Longuza kule Muheza, unapatikana, ila ni mchanga kuliko ule uliotumika kiwandani. Una weupe mwingi pembeni na rangi yake haijatulia. Chagua vipande vya moyo, viweke mwangani wiki kadhaa kabla ya kulinganisha. Penye mahogani, weka mkangazi. Kwa droo na fremu mimi nachagua mninga inapopatikana, kwa kuwa haichezi sana hewa ikibadilika. Podo na paina zikae mbali na sakafu. Vumbi la mvule na msaji linawasha ngozi na kifua, barakoa si hiari. Dai risiti na hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa huduma za misitu, kwa sababu lori likisimamishwa kizuizini na mbao zisizo na karatasi, mzigo wote unalala hapo.

Wakati wa kurudisha, funga paneli kwa blanketi, si kwa nailoni peke yake, zisitokwe jasho njiani. Namba ya kila kipande iandikwe kwenye mgongo kwa penseli. Zikifika Tanga zikae ndani ya chombo wiki mbili hivi bila kufungwa, zinywe hewa ya huko. Ndipo fundi wa huko arande kilichozidi kwa mara ya mwisho, na kila ukingo alioukata aupake vanishi palepale, kabla hajaufunga kwa bawaba.